Kwa Bibi Mkunga: "Mwili Wote Unauma"

Bibi Mkunga ni muuguzi mkunga mstaafu na mzee wa kanisa mjini Bukoba. Kila mwezi hujibu maswali ya wasomaji kuhusu imani na maisha ya nyumbani.

Mwezi huu mhariri kanitumia barua kumi na nne kwa mkupuo, na kumi na moja kati yake zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: nimwombeje Mungu? Tatu nimezichukua kwenye kundi hilo, na ya nne inahusu pesa. Nawajibu nikiwa barazani, beseni la senene mapajani, kwa hiyo mkikuta sentensi imekatika ghafla mjue kuna mmoja aliruka.

Usingizi

*Shikamoo Bibi. Mimi ni keshia kwenye duka moja Kariakoo, nakaa Mbagala. Naamka saa kumi alfajiri nipate gari, narudi saa tatu au saa nne usiku. Nimepanga chumba kimoja na wadogo zangu wawili. Kanisani tumefundishwa kwamba Mkristo makini anaomba angalau saa moja kila siku. Mimi nikipiga magoti kando ya kitanda, dakika ya tatu usingizi umeshanichukua. Mdogo wangu ananikuta kichwa kiko kwenye godoro na magoti yako sakafuni. Nikishtuka najiona mnafiki. Hata nikiwa macho narudia yale yale: "Bwana nibariki, ibariki familia yangu, nipe amani." Nifanyeje maombi yangu yawe na kina? — Mchovu, Mbagala*

Marahaba, mjukuu wangu.

Tuanze na usingizi, maana huo ni mwepesi. Petro, Yakobo na Yohana walilala Gethsemane, na wao hawakuwa wametoka kugombea mlango wa gari pale Rangi Tatu. Ni kweli Bwana aliwauliza kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja, na nadhani hiyo saa moja ya mwalimu wenu ilitoka hapo. Lakini asome na mstari unaofuata: roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Aliyesema hivyo ni yule yule aliyeuliza. Nimefanya zamu za usiku miaka thelathini na mmoja na najua hali ya mtu aliyechoka. Hata jina la mgonjwa aliyempokea jioni linampotea. Ukipitiwa na usingizi umepiga magoti, lala, na wala usiombe msamaha. Ila acha kumtengea Mungu zile dakika za mwisho kila siku, kwa sababu unajua vizuri kwamba hazina kitu.

Dakika zilizo hai unazo. Niliwahi kukaa miezi mitatu kwa mwanangu pale Kizuiani, na gari la saa kumi na moja alfajiri nimelipanda. Watu wamesinzia, redio haijafunguliwa, konda mwenyewe bado ana baridi. Hapo ndipo pako. Shika bomba, fumba macho au usifumbe. Baba Yetu moja tu, polepole, kituo kwa kituo. Sema "Baba yetu uliye mbinguni" ukiwa Zakhem, na usiguse "Jina lako litukuzwe" mpaka Mtongani. Ukienda kwa maneno ya Mathayo, ukifika Uhasibu utakuwa kwenye "utusamehe deni zetu," na sijui kama kuna kituo kingine Dar es Salaam kinachofaa zaidi.

Umesema pia kwamba chumba ni kimoja na nyie ni watatu, kwa hiyo kile "chumba cha ndani" ambacho Yesu katika Mathayo 6 anatuambia tuingie tukiomba, wewe huna. Mchungaji wetu mmoja aliyesoma chuo cha uchungaji cha Makumira alitufundisha kwamba lile neno la Kigiriki lililoandikwa "chumba cha ndani" maana yake ni chumba cha akiba, stoo. Nilifurahi kusikia hivyo kwa sababu mama yangu aliomba stoo, katikati ya magunia ya maharage na kahawa, mahali pekee nyumbani kwetu palipokuwa na mlango. Pangu mimi palikuwa jiko la nje, mpaka tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipolipasua ukuta Jumamosi ile alasiri. Siku hizi ni kiti cha plastiki karibu na tangi la maji. Mbu wapo.

Sasa hicho kina unachokitafuta. Kliniki niliyofanyia kazi, kila asubuhi hakukosa mama wa kuketi mbele yangu na kusema, "Nesi, mwili wote unauma." Mtu wa namna hiyo hatibiki. Utampa panadoli, ataondoka, kesho atarudi na mwili wake wote. Ilinibidi niende kwa kidole: ni hapa? Hapa je? Tangu lini? Ukiinama? Ukikojoa? Na mara nyingi, tukikaribia penyewe, ananyamaza, anageuka kuangalia kama mlango umefungwa. Panapouma ni pa aibu, au anaogopa nitakachosema.

"Bwana nibariki, ibariki familia yangu, nipe amani" ni mwili wote unauma.

Utaniambia Mungu anajua kabla hujamwomba, na imeandikwa hivyo katika sura ile ile ya sita ya Mathayo. Mimi pia wengi wao nilishajua kwa kuangalia tu wanavyokaa kwenye benchi. Lakini nikimtajia mimi, anakana. Akitaja mwenyewe, tunaanza kazi.

Mama yangu alikuwa mlokole. Vijana mnalitumia neno hilo kwa mtu yeyote aliyeokoka, lakini huku kwetu lilikuja na watu wa ule uamsho wa Gahini, Rwanda, na Uganda wa miaka ya 1930, uliovuka mpaka ukaingia Buhaya, kwa Waanglikana na kwa sisi Walutheri. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao, na kila mtu alisema wazi alichokosa. Waliita kutembea nuruni. Nilikuwa na miaka kama tisa siku mama aliposimama mbele ya ushirika wao akasema kwamba alilinyunyizia maji gunia la kahawa ya maganda ili lizidi uzito kwenye mizani ya ushirika ule mwingine, wa wakulima. Akataja na kiasi: kopo mbili. Nilitamani ardhi inimeze. Usiku nilimsikia stoo akiomba. Alitaja kopo, alitaja gunia, alimtaja karani wa mizani kwa jina lake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua kuni kichwani. Asubuhi alirudisha senti zilizozidi, na karani, maskini, hakujua aziandike wapi.

(Nisiwapambe kupita kiasi. Wapo walokole waliokiri dhambi za majirani kwa bidii kuliko zao, na mikutano mingine iligeuka mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi. Mama aliyaona hayo na aliyasema pia.)

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ndani ya gari, kabla ya Baba Yetu, taja kitu kimoja cha jana kama kilivyokuwa. Droo ilipungua elfu nane na ukajua nani alichukua na ukanyamaza. Ulimkaripia mdogo wako kwa sababu ya njaa yako. Mteja mmoja alikuita "mama" na ukafurahi siku nzima bila kujua kwa nini. Kisha mtaje mtu mmoja, na jambo lake moja. Mambo yako yakiwa hivyo, dakika kumi zitajaa zenyewe, na sitashangaa ukipitiliza kituo.

Maombi yaliyokauka

*Mama, Bwana asifiwe. Nina umri wa miaka 44, mzee wa kanisa katika PCEA hapa Nakuru. Mwaka jana mwezi wa nane tulimzika kifungua mimba wetu, mvulana wa miaka kumi na mmoja, kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Kanisa lilikuwa limefunga kwa maombi ya siku 21. Aliaga siku ya 19. Tumebaki na wasichana wawili. Nimeambiwa ni mapenzi ya Mungu. Nimeambiwa Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Ndugu mmoja aliniuliza kama nyumbani kuna dhambi ambayo haijatubiwa. Bado huitwa mbele kuongoza maombi, na maneno huja yenyewe, watu wakasema amina. Nikiwa peke yangu siwezi. Nikianza "Baba," koo hufunga. Mke wangu huomba sana usiku, na nikimsikia mimi hutoka nje. Je, nimepoteza imani? — Baba wa Watatu*

Amina, mwanangu. Pole. Pole sana, wewe na mama yake na dada zake.

Umejiita Baba wa Watatu. Endelea kujiita hivyo.

Sitakueleza kwa nini. Sijui, na nimesimama kando ya vitanda vya watoto wengi kuliko huyo aliyekuletea habari za maua. Yule wa dhambi isiyotubiwa mfungulie Yohana 9, mstari wa pili na wa tatu, Yesu anapokataa kwamba yule kipofu alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake, akimaliza kusoma mpe chai aende kwake.

Mwaka 1987 nilimpoteza mwanangu wa pili, miaka minne, malaria iliyopanda kichwani. Nilikuwa zamu wodi ya jirani. Dripu ya kwinini niliiweka kwa mikono yangu hii, na mshipa niliupata mara ya kwanza, jambo ambalo kwa mtoto aliyeishiwa maji si rahisi. Nakumbuka nilichukulia kuwa ni ishara. Niliomba kwa kila namna niliyofundishwa tangu Shule ya Jumapili, na kwa namna nyingine ambazo hakuna aliyenifundisha. Alikufa saa kumi na moja alfajiri, jogoo wanawika.

Miezi saba sikuomba. Kanisani nilikwenda. Walisimama, nikasimama, walikaa, nikakaa. Nyumbani, kimya.

Mmoja wa kina mama wa ule ushirika wa mama yangu, ajuza aliyekuwa anaona kwa jicho moja, alianza kuja kila Alhamisi na ndizi zake kwenye ungo. Hakuhubiri. Tulimenya, tukapika, tukala, akaniuliza habari za kuku. Kabla ya kuondoka alisema Baba Yetu, yeye peke yake, kwa Kihaya, mimi nikiwa nakusanya maganda. Na kila alipofika "mapenzi yako yatimizwe" alisimama. Alikaa hapo, siku nyingine muda mrefu mpaka nikainua macho nione kama amesinzia. Halafu akaendelea na habari ya riziki ya leo, akachukua fimbo yake, akaenda. Baada ya wiki nyingi nilimwuliza kwa nini anakwama pale. Akasema, "Nakungoja. Sitaki kukutangulia."

Alhamisi ile sikusema neno lolote. Wala iliyofuata. Lakini nilijua naulizwa, na kwamba hakuna anayenivuta.

Kwa hiyo sikwambii ukaze mwendo. Ukiuliza kama umepoteza imani, nakujibu kama nesi: koo la mtu asiyeamini halifungi kwa neno "Baba." Linapita tu kama neno lingine.

Unayo maneno ya kuazima. Fungua Zaburi 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo yamo ndani ya Biblia yako, watu wa Mungu wameyaimba, na hakuna mzee wa kanisa aliyemwita Daudi pembeni. Ukiona hiyo inageuka furaha upesi mno mwishoni, na mimi niliona hivyo, nenda ya 88. Ile haigeuki. Inaanza na kilio na inaishia gizani, na waliopanga kitabu waliiacha ilivyo. Tena kumbuka Gethsemane kwa upande wa pili: Bwana aliomba kikombe kimwepuke, akaomba tena, na Mathayo anaandika kwamba mara ya tatu alisema maneno yale yale. Hakupata maneno mapya. Na kikombe hakikuondolewa.

Jambo jingine. Barua yako ni ya Kiswahili kizuri kabisa, cha mtu anayesoma masomo mbele ya watu. Kijana wako ulimbembeleza kwa lugha gani alipokuwa mdogo? Kwa hiyo hiyo mwambie Mungu unachotaka kumwambia. Mimi naongoza ibada kwa Kiswahili, nalia kwa Kihaya. Kiswahili changu kimefundishwa adabu, hakijui kumlaumu Mungu.

Nenda kwa mchungaji wako wiki hii, umwombe akupumzishe kuongoza maombi, miezi mitatu, sita, itakavyokuwa. Wala usitafute sababu ya uongo. Kwetu mkunga aliyefiwa na mtoto hakupangiwa chumba cha kujifungulia mpaka aseme mwenyewe yuko tayari, na hakuna aliyemwona mvivu. Kinachokuumiza zaidi sasa, naona kwenye barua yako, ni zile amina za watu.

Na mkeo. Umemtaja kwa sentensi moja, ya mwisho kabisa, kama yule mama wa kliniki anayesema neno lenyewe akiwa ameshashika kitasa. Usitoke nje. Huhitaji kuomba naye. Keti kitandani, mshike mkono au usimshike, ukae tu mpaka amalize. Labda anaomba kwa nguvu vile kwa sababu anasikia mlango ukifunguka kila usiku na hajui kama utarudi.

Ikiwa usingizi umekukimbia majuma mengi, chakula hakipiti, au unapata mawazo ya kutaka kumfuata mwanao, nenda hospitali uyaseme hayo waziwazi, leo, kama ambavyo ungeenda na presha. Mchungaji wa kweli atakusindikiza.

Niandikie tena. Ukitaka kuniandikia kuhusu mwanao tu, alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, hiyo pia nitaisoma, na si lazima ichapishwe.

Mbegu

*Bibi shikamoo, ni Mama Duka wa Tunduma. Kuna mtumishi namsikiliza kwenye simu, anasema nikipanda mbegu ya shilingi 50,000 atapanda mlimani siku saba kuniombea, biashara ifunguke. Nimeshatuma mara mbili. Sasa anasema ya tatu ndiyo inayovunja vifungo. Nitume?*

Marahaba. Usitume.

Petro alipoletewa fedha na Simoni kule Samaria alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe," nami siongezi ukali juu ya huo. Sadaka toa, kanisani kwako, mahali unapoweza kusomewa hesabu. Lakini maombi hayatozwi, na yule mjane wa Luka 18 aliyemsumbua kadhi mpaka akapata haki yake alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Hakupitia kwa wakala.

Ukitaka watu wa kukuombea, chagua wanaojua sura yako: jumuiya yako, shemeji yako, yule mama wa mboga anayekukopesha chenji. Na habari ya duka mwombe Mungu kwa daftari la madeni likiwa wazi mezani. Majina yote ya waliokukopa, mmoja mmoja. Nashuku kifungo chako kimoja kiko kwenye kurasa hizo.

Laki moja imekwenda. Ilie kidogo, kisha ifunge.

Kimya

*Shikamoo Bibi. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), shule ya bweni Iringa. Ni mwanachama wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Wenzangu wengi wakiomba Mungu anasema nao. Wanasema kabisa, "Mungu ameniambia." Wiki iliyopita rafiki yangu alisema Mungu amemwambia niache PCB nihamie HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Mimi nikiomba nasikia kimya, na jenereta. Je, nina tatizo gani? — Kidato cha Tano*

Marahaba, mjukuu. Una bahati, kimya na jenereta ni mwanzo mzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Nilipoanza ukunga hatukuwa na mashine za kuonyesha mtoto tumboni. Tulikuwa na kibomba tu, cha mbao au cha bati, mfano wa tarumbeta ndogo. Mdomo mpana unauweka tumboni kwa mama, mdomo mwembamba unaukaza na sikio lako. Wiki ya kwanza sikusikia mtoto hata mmoja. Nilisikia uvumi, kama gamba la konokono la ziwani ukiliweka sikioni, na huo ulikuwa wa sikio langu mwenyewe. Niliandika mapigo ya kubuni kwenye kadi ili nisionekane mjinga. Sista mwalimu aliangalia kadi, akaniangalia, akafuta.

Alinifundisha mambo matatu, nawe nakupa.

Huweki kibomba popote. Kwanza unapapasa tumbo kwa viganja viwili, kwa subira, ujue mgongo wa mtoto uko upande gani, kwa sababu mapigo yanasikika vizuri kupitia mgongo wake. Kwa maombi, kupapasa huko ni kusoma. Chukua Injili moja, Marko ni fupi, soma kidogo kila siku, ujue Yesu huwa anasemaje na watu na huwa hasemi nini. Mtu asiyejua mgongo uko wapi ataweka sikio mahali penye utumbo na kurudi na habari za ajabu.

Kisha, ukishakaza sikio, achia mkono. Hapa wanafunzi wote tulikosea. Tulikishikilia kibomba kwa vidole, na vidole vinaleta makelele. Sista alinipiga kofi la mkono: "Achia!" Kichwa peke yake kinatosha kukishika. Ukishasema ulichokuwa nacho, kaa dakika mbili tatu bila kumsaidia Mungu kujibu. Zitakuwa ndefu. Utafikiria wali wa jioni. Usijali, rudi.

La tatu ndilo la rafiki yako. Ukisikia mapigo, usishangilie kwanza. Shika kifundo cha mkono wa mama, hesabu mshipa wake huku sikio bado liko tumboni. Mtoto anakwenda 110 mpaka 160 kwa dakika. Mama mtu mzima, mara nyingi 70 au 80. Kama vyote viwili vinakwenda pamoja, pigo kwa pigo, basi hujamsikia mtoto, umemsikia mama. Wakunga wazoefu wamewahi kudanganyika hivyo. Basi na anayesema "Mungu ameniambia" ashike kifundo chake mwenyewe. Ikiwa alichosema Mungu kinapiga sawasawa na alichotaka yeye tangu wiki iliyopita, ahesabu upya. Muulize rafiki yako, kwa upole, yeye yuko mchepuo gani, na kama HKL amebaki bila mtu wa kukaa naye dawati moja.

Simkejeli kila anayesikia. Samweli alisikia. Hana, mama yake, kabla ya hapo, aliomba midomo ikitikisika bila sauti mpaka kuhani akadhani amelewa, na hakuambiwa kitu na Mungu moja kwa moja siku ile. Aliinuka, akala, uso wake haukuwa tena na huzuni. Watu wawili, mama na mtoto, mmoja alisikia na mwingine alipata hamu ya kula.

Mimi kwa miaka zaidi ya hamsini sijawahi kusikia sauti kwa masikio haya. Mara chache sana nimejua. Ya karibuni ni ya mwaka juzi. Mimi na dada yangu tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya mpaka wa kibanja alichotuachia baba, migomba sita hivi. Nimekaa kwenye kiti changu pale tangini, sikuwa hata namwombea yeye, nilikuwa namwombea mjukuu mwenye pumu, na ikanijia wazi kwamba nimpigie simu dada. Nilishika kifundo. Mapigo yangu yalikuwa yanataka baraza la ardhi, na wakili nilikuwa nimeshamwulizia bei.

Alipokea mlio wa pili. Tulizungumza habari za mvua karibu nusu saa kabla hatujaigusa migomba.

Kaa na PCB yako mpaka matokeo ya muhula. Na ukikwama kwenye Fizikia, taja mada yenyewe, kwa Mungu na kwa mwalimu pia. Barua za mwezi ujao zimfikie mhariri kabla ya tarehe 10. Beseni limekwisha, wengine wamekimbilia chini ya kiti, na paka ameshawaona.